Swali la Nasari ya Nyaroya

Bosibori alikuwa akiuza ndizi katika soko la Nyaroya, mji mdogo ulio kati ya Awendo na Uriri. Ndizi zake zilitoka kwao, Kisii. Alizipanga juu ya gunia, mbivu mbele na mbichi nyuma. Kisha aliketi kwenye kigoda na kungoja wateja.

Asubuhi ikisogea, aligeuza uso kutazama upande wa pili wa soko. Hapo palikuwa na chumba cha matofali chenye mlango wa kijani. Kilikuwa chumba cha nasari, shule ya watoto wadogo, na kilijengwa na baraza la mji. Zamani, saa kama hizo, watoto walitoka nje kunywa uji. Bosibori aliweza kumwona binti yake, Nyakerario, akipuliza kikombe chake.

Sasa mlango ulikuwa na kufuli. Shule zilipofunguliwa Januari, mwaka huo wa 1994, mwalimu hakurudi. Hakuna aliyeambiwa sababu.

Watoto wa nasari wakabaki sokoni na mama zao. Barabara ya Nyaroya ilipitiwa na trekta za miwa mchana kutwa. Watoto walizikimbilia kwa nyuma, wakachomoa miwa na kuitafuna. Siku moja Nyakerario alivuta muwa uliokaza. Trekta ilimburuta, akaanguka, na gurudumu la tela likapita kando ya mguu wake.

Hakuumia. Lakini baba yake, Makori, alikuwa mpakiaji wa miwa. Aliyajua magurudumu yale. Jioni hiyo hakula.

"Mtoto ataenda kwa mama yangu Keroka," alisema. "Huko kanisa lina nasari."

"Hadi lini?" Bosibori aliuliza.

"Hadi hii yetu ifunguliwe."

Nyakerario alipelekwa Keroka akiwa na mfuko mdogo wa nguo. Gauni moja lilisahaulika kwenye kamba. Bosibori alilifua, ingawa lilikuwa safi. Juma lililofuata alilifua tena.

"Hiyo nguo utaimaliza," Makori alimwambia kwa upole.

"Ina vumbi," alijibu. Haikuwa na vumbi.

Bosibori na Makori ni Waadventista, kwa hiyo Jumamosi hawafanyi kazi. Zamani siku hiyo walienda kanisani watatu, mtoto akiwa katikati. Sasa walitembea wawili, na bado waliacha nafasi katikati yao.

Mwezi wa Aprili, Bosibori alikwenda Keroka kumwona. Mtoto alikuwa amerefuka. Alipocheka, jino moja la mbele halikuwepo.

"Jino lako limetoka lini?" mama aliuliza.

"Zamani," alisema Nyakerario, akakimbia kucheza.

Bosibori alimtazama akienda. Kumbe kulikuwa na mambo ya zamani katika maisha ya mtoto wake, naye hakuyajua.

"Januari nitamwandikisha darasa la kwanza hapa hapa," bibi alisema. "Akishaanza shule, usimhamishe tena. Mtoto si gunia la kubebwa huku na huku."

"Na nasari yetu ikifunguliwa kabla ya Januari?"

"Ikifunguliwa, mchukue. Ni wako. Lakini nyinyi mnasema tu itafunguliwa, itafunguliwa."

Bosibori alirudi Nyaroya akijua jambo moja. Nasari isipofunguliwa mwaka huo, mtoto wake angekulia nyumba nyingine.

Kesho yake alimshika kuku kwapani, akaenda kwa diwani wao, Cephas Ombewa. Watu wa soko walimwita kansela. Alichaguliwa mwishoni mwa mwaka 1992, na alikuwa na mashine ya kusaga unga. Kwa desturi ya hapo, mtu haendi nyumbani kwa mkubwa mikono mitupu.

Benchi la nje lilikuwa limejaa. Mzee mmoja alitaka mbao za jeneza. Kijana mmoja alitaka kutafutiwa kazi. Mama mmoja alitaka karo. Mke wa kansela alikuwa akigawa chai.

"Karibuni tu na kuku zenu," alisema. "Mzee atauza mashine awape nyote pesa. Kisha sisi tutasaga mahindi kwa meno."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyeondoka.

Kansela Cephas alikuwa na moyo mzuri. Aliposikia habari za nasari, alikuna kichwa.

"Min Nyakerario," alisema, akimwita mama wa mtoto kama Wajaluo wanavyoita, "nitawasaidia. Kuna msichana wa jirani amemaliza kidato cha nne. Nitamlipa mimi mwenyewe afundishe. Ufunguo nitauomba kwa askari wa soko."

Bosibori alishukuru. Kuku akabaki.

Msichana yule alianza kufundisha. Bosibori alilikunjua gauni la mtoto na kulitundika karibu na mlango. Alikuwa akipanga siku ya kwenda Keroka, mashine ya kansela ikaharibika. Pesa za msichana zikakosekana. Msichana akapata kazi ya duka Homa Bay, akaenda zake. Kufuli ikarudi mlangoni, na gauni likarudi sandukuni.

Wanawake wa soko walikasirika.

"Kansela wa kazi gani huyu?"

"Wakati wa kura alitoa sukari. Sasa hata salamu hatoi!"

Cephas akaanza kupita nyuma ya bucha ili asionwe.

Mbele ya soko kulikuwa na duka la nguo la Mulki. Mulki alikuwa Msomali, mzaliwa wa Isiolo. Alikuwa ameishi Nyaroya miaka mingi, na alibishana bei kwa Kidholuo bila shida. Siku moja Bosibori alikuwa dukani kwake akinunua uzi, mara Cephas akaingia haraka haraka. Mkewe alikuwa amemtuma kitambaa.

"Kansela! Leo umepita mlango wa mbele?" Mulki alimtania. "Mimi nilidhani umehama."

"Ai yawa, Mulki, niache. Wanawake wa soko wananitafuta kama nimeiba." Kisha akamwona Bosibori, akainamisha kichwa. "Min Nyakerario, mos. Pole sana. Nilijaribu. Mfuko wangu umeshindwa."

Bosibori hakutaka kumlaumu. Alitaka kusema neno la heshima tu. Lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Mtoto wangu ameng'oka jino nikiwa sipo," alisema.

Cephas alitazama viatu vyake. Mulki aliweka mkasi chini.

"Kansela," Mulki aliuliza polepole, "nani aliutaka mfuko wako?"

"Wao! Huyu mama alikuja na kuku."

"Nilikuja," Bosibori alikubali.

"Na mimi nilimla," alisema Cephas.

"Basi nyote wawili mmekosea," Mulki alisema. "Marehemu baba yangu alikuwa diwani kwetu. Hakuwa na pesa, wallahi. Lakini karani wa baraza, yaani mkuu wa maafisa wote, alikuwa akimwona kwa mbali anajifunga tai vizuri. Unajua kwa nini? Baba alikuwa anauliza maswali."

"Maswali gani?"

"Wewe niambie kwanza. Baraza lenu limewahi kuamua lolote juu ya nasari?"

Cephas alifikiri. "Ndiyo. Mwaka jana tulipitisha sera. Kila soko linalotoa ushuru litakuwa na darasa la nasari, na mwalimu wake atalipwa na baraza."

"Wewe uliinua mkono?"

"Niliinua. Sote tuliinua."

"Kisha?"

"Kisha tukaenda kula."

Mulki alicheka hadi akashika meza. Hata Bosibori alitabasamu.

"Basi kazi yako iliishia kwenye sahani," Mulki alisema. "Sikiliza. Madiwani wakishaamua, karani na maafisa wake ndio wanaotekeleza. Nao wanalipwa kwa kazi hiyo kila mwezi. Wewe hukuchaguliwa ufanye kazi yao, wala ulipe mwalimu kutoka mfukoni. Umechaguliwa ujue kama wamefanya. Kama hawakufanya, uwaulize mbele ya baraza zima, wajibu, na jibu liandikwe."

"Na chifu?" Bosibori aliuliza. "Sisi tulienda kwa chifu kwanza."

"Chifu anateuliwa na serikali kuu. Hawezi kumwamuru karani wa baraza. Lakini kansela ni wenu. Mlimpigia kura."

Cephas alikuwa na wasiwasi. "Nikimuuliza karani, atasema ninamchukia. Soko langu litanyimwa hata taa."

"Huulizi kwa chuki. Unauliza kwa sababu baraza liliamua. Tena hutaongea habari za ubaya wake. Utaongea habari za nasari tu. Njoo tujaribu. Mimi ni karani." Mulki alikalia kiti kirefu, akavaa miwani yake, akakunja midomo. "Bosibori, wewe ni mwenyekiti."

"Mimi?"

"Kaa pale juu ya marobota. Mwenyekiti hukaa juu."

Bosibori alipanda juu ya marobota ya nguo. Cephas alisimama, akakohoa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, "kwanza nashukuru baraza, nashukuru karani, nashukuru wote, na ninaomba kama ikiwezekana mtusaidie..."

"Ombi limesikika," Mulki alisema kwa sauti nene. "Keti."

Cephas aliketi. Kisha akashangaa. "Imeisha?"

"Imeisha. Umeomba, na mwombaji husikilizwa, kisha husahauliwa. Usiombe, uliza."

Alisimama tena. "Mwaka jana tulipitisha sera ya nasari za masoko. Kwa nini nasari ya Nyaroya imefungwa?"

"Jambo hilo linashughulikiwa," alijibu Mulki.

Cephas akatazama huku na huku. "Sasa hapo nisemeje?"

"Hapo ndipo baba alipokuwa akianza!" Mulki aligonga meza. "Wakisema linashughulikiwa, uliza: na nani? Tangu lini? Litakwisha lini? Na nani atatuletea taarifa kwamba limekwisha? Usiketi hadi upate siku."

Walirudia mara nyingi. Mteja mmoja aliingia kununua shuka, akamkuta mwuza ndizi juu ya marobota akisema, "Utulivu barazani!" Akasimama kusikiliza hadi mwisho.

Cephas aliandika swali lake, akalipeleka ofisini kwa karani mapema, kama utaratibu wa baraza ulivyotaka. Karani alilisoma, akatabasamu.

"Mheshimiwa, hili ni dogo. Kwa nini tusumbue baraza? Kaa tunywe chai, tulimalize hapa."

Cephas alipenda chai. Tena aliogopa. Lakini alimkumbuka yule mama na jino la mtoto wake.

"Chai nitakunywa," alisema. "Swali nalo liingie kwenye mkutano."

Mikutano ya baraza ilikuwa wazi kwa wananchi, lakini watu wa Nyaroya hawakuwa na habari. Mulki aliwaambia. Siku ya mkutano, mwezi wa Julai, Bosibori, Mulki na wanawake wengine wa soko waliingia ukumbini kimya, wakajaza benchi la nyuma. Mwenyekiti alishangaa kuwaona.

"Akina mama, kuna shida?"

"Hakuna, mheshimiwa," Mulki alijibu. "Tumekuja kusikiliza tu."

Mambo mengi yalisomwa. Bosibori hakuyaelewa yote. Moyo wake ulikuwa Keroka. Mwishowe, mwenyekiti alimwita Cephas.

Cephas alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, kwanza nashukuru baraza, nashukuru..."

Mulki alikohoa kwa nguvu. Cephas alikatiza shukrani zake.

"Nina swali kwa karani," alisema. "Mwaka jana baraza hili lilipitisha sera ya nasari za masoko. Nasari ya Nyaroya imefungwa tangu Januari. Kwa nini?"

Karani aliinuka taratibu. "Mheshimiwa mwenyekiti, jambo hilo linashughulikiwa." Akaketi.

Mwenyekiti alianza kutaja ajenda nyingine. Lakini Cephas alikuwa bado amesimama.

"Linashughulikiwa na nani?"

"Na ofisi yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu tatizo lilipotokea."

"Tatizo gani, karani? Mwalimu yuko wapi?"

Karani alipangusa uso kwa kitambaa.

"Ofisi ilikuwa na upungufu wa wapiga taipu," alisema. "Mwalimu huyo anajua kupiga taipu. Tulimleta hapa makao makuu kwa muda."

Wanawake wa benchi la nyuma walitazamana. Kumbe mwalimu hakuacha kazi! Alikuwa chumba cha pili, akipiga taipu, na baraza likimlipa kama mwalimu wa nasari.

Diwani mmoja mzee aliinua mkono. "Mwenyekiti, hata nasari ya soko langu haina mwalimu. Nilidhani ameolewa!"

"Na wa kwangu!" mwingine alisema.

Sauti zikapanda. Mwenyekiti aligonga meza. "Waheshimiwa, muda umekwisha. Hili tuliache hadi mkutano ujao."

Bosibori alihesabu miezi. Mkutano ujao ungekuwa karibu na mwisho wa mwaka. Alimtazama Cephas. Moyoni alimsihi asiketi.

Cephas hakuketi.

"Mwenyekiti, shule zinafunguliwa Septemba," alisema. "Sera ni yetu. Sisi tuliinua mikono. Haiwezi kuvunjwa ofisini bila sisi kujua. Ninatoa hoja. Walimu wa nasari warudi madarasani Septemba shule zikifunguliwa. Kamati ya elimu iende ikaone kwa macho, kisha ituletee taarifa hapa. Ofisi ikikosa mpiga taipu, ije ituombe mpiga taipu."

"Ninaunga mkono!" alisema yule diwani mzee.

Hoja ilipigiwa kura ikapita. Safari hii, walipoinua mikono, kila diwani alitazama benchi la nyuma.

Nje ya ukumbi, karani alimpa Cephas mkono. "Umekuwa mkali, mheshimiwa."

"Hapana," alisema Cephas. "Nimeuliza tu."

Siku ya kufungua shule, Septemba, mwalimu alikuwa mlangoni akifagia buibui. Wanakamati walikuja wakaona, wakahesabu watoto na madawati. Bosibori alikuwa amekwenda Keroka tangu Jumapili.

Bibi alimfunga Nyakerario lemba jipya. "Mpeleke," alisema. Kisha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote.

Nyakerario alilia njiani. Alilia hata alipofika.

"Nataka kwa bibi," alisema.

Bosibori alimtolea lile gauni sandukuni. Likakataa kupita mabegani. Alikuwa amelitunza miezi yote hiyo, na mtoto aliyelivaa alikuwa ameshakua. Alilikunja tena kimya kimya, akampa jirani aliyekuwa na mtoto mdogo.

Siku zile za kwanza, Nyakerario alitoka nasari na kukaa kando, karibu na ndizi, bila kusema. Bosibori hakumlazimisha. Alimmenyea ndizi moja, akaiweka karibu naye, akaendelea kuuza. Wakati mwingine ndizi ililiwa. Wakati mwingine nzi waliimaliza.

Cephas naye alibadili mwenendo. Nyumbani, lile benchi halikujaa tena kama zamani, na mke wake alifurahi. Kila baada ya mkutano wa baraza au wa kamati zake alikuja sokoni, akapanda juu ya kreti la soda, akaeleza walichoamua na kilichofanyika. Hakupita tena nyuma ya bucha. Wanawake walimuuliza maswali hadi akatoka jasho.

"Kansela, choo cha soko kitaanza lini?"

"Kansela, mlisema trekta za miwa zitapunguziwa mwendo hapa. Nani anazisimamia?"

"Mos, mos! Mmoja mmoja!" alisema Cephas. "Mmenigeuza mimi kuwa karani!"

Siku moja ya Novemba alikuwa juu ya kreti hivyo hivyo, saa za mchana. Watoto wa nasari walikuwa wametoka. Nyakerario alikuja polepole hadi kwenye kigoda cha mama yake. Hakukaa kando. Aliketi chini, akaegemea magoti ya mama, akalaza kichwa. Baada ya muda mfupi alikuwa amelala.

Bosibori hakuthubutu kujongea. Mteja alitaka ndizi mbichi za nyuma.

"Chukua kwa yule mama wa pale," alimnong'oneza. "Mimi siwezi kusimama."

Lakini alikuwa na swali. Alikuwa nalo tangu asubuhi. Alikuwa amemwona mwalimu akipita na tumbo kubwa. Mwalimu alikuwa karibu kujifungua. Bosibori aliinua mkono mmoja juu. Mwingine aliuacha palepale ulipokuwa, kwenye kichwa cha mtoto.

"Naam, Min Nyakerario!" Cephas aliita kwa sauti kuu.

Bosibori aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha magoti yake. Cephas alishuka kwenye kreti, akaja, akachuchumaa mbele ya ndizi. Wanawake wote wakanyamaza.

"Kansela," Bosibori alinong'ona, "mwalimu akienda kujifungua, nani atashika darasa? Baraza limepanga?"

Cephas alifikiri kidogo.

"Sijui," alinong'ona naye. "Nitauliza."